Je, Uzuri ni Cheti cha Afya?

Liko swali moja ambalo watu wamekuwa wakiulizana tangu zamani, nalo ni hili: kwa nini sura moja hupendeza macho, na nyingine haipendezi? Washairi walilijibu kwa tenzi, na wazee kwa methali. Katika zama zetu limepata wajibuji wengine, nao ni wataalamu wa tawi la elimu ya nafsi liitwalo saikolojia ya mageuko. Jibu lao ni fupi, lina sauti ya sayansi, nalo limeenea mno. Hata kijana ambaye hajapata kufungua kitabu chao hulitamka akiulizwa kwa nini amempenda huyu akamwacha yule. Husema, "Ni maumbile." Katika insha hii nataka, msomaji, tulipime jibu hilo pamoja. Kipimo chetu hakitakuwa kitu cha mbali. Kitakuwa kitu ambacho kila mmoja wetu anacho kinywani, yaani meno, na mahali petu pa kupimia patakuwa Ukambani, katika kaunti za Kitui na Makueni.

Kwanza yapasa nadharia yenyewe isemwe kwa haki, maana kumkosoa mtu kwa maneno asiyoyasema ni kumdhulumu. Wataalamu hawa waanza na fundisho la Charles Darwin, ya kuwa viumbe hurithi tabia za wale waliofaulu kuzaa na kulea. Wasema hivi: hapo kale, mtu aliyechagua mwenzi mwenye afya alipata watoto wengi walioishi, aliyechagua mgonjwa alipata wachache au hakupata kabisa. Sisi tulio hai leo ni vizazi vya wale waliochagua vema. Kwa hiyo jicho letu limerithi ujuzi wa kutambua afya bila ya kufundishwa na mtu, na utambuzi huo ndio tunaouita kuvutiwa. Ngozi laini yatangaza kwamba mwili hauna maradhi. Uso ambao upande wake wa kulia walingana na wa kushoto watangaza kwamba mwili ulikua bila ya misukosuko. Meno meupe, yaliyokamilika, yatangaza ujana na chakula chema. Uzuri basi, kwa maoni yao, ni cheti cha afya kilichoandikwa usoni, na jicho ni daktari akisomaye.

Wanao ushahidi, wala si haba. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Marekani, David Buss, alitangaza majibu ya watu 10,047 wa makundi 37 katika nchi 33, walioulizwa wanatazamia nini kwa mtu wa kuoana naye. Katika makundi yote wanaume walijali sura kuliko walivyoijali wanawake, na karibu katika yote wanawake walijali uwezo wa kupata mali kuliko walivyoujali wanaume. Kadhalika, mwaka 1987 Judith Langlois na wenzake, huko Texas, waliwaonyesha watoto wachanga wa miezi michache picha za nyuso mbili mbili, moja iliyosifiwa na watu wazima na moja isiyosifiwa. Watoto walikazia macho ile iliyosifiwa kwa muda mrefu zaidi. Mtoto wa miezi mitatu hajasoma gazeti, wala hajaona tangazo la sabuni. Huu, kwa maoni yangu, ndio ushahidi wao wenye nguvu kuliko wote, na tutaurudia.

Walakini wale wanaoutaja uchunguzi wa Buss husahau aghalabu mambo mawili yaliyomo humo humo. La kwanza, wanaume na wanawake pia waliuweka wema wa moyo na akili mbele ya sura na mbele ya mali. La pili, Afrika yote iliwakilishwa na Nigeria, Zambia na Afrika ya Kusini tu. Hakuna kundi hata moja la Afrika ya Mashariki lililoulizwa. Basi ni juu yetu kuuliza wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mgeni aliyefika katika nchi ambayo leo ni Kitui na Makueni aliwakuta Wakamba wengi, wanaume kwa wanawake, ambao meno yao ya mbele ya juu yamechongwa yakawa na ncha. Bwana C. W. Hobley, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza, aliyaandika mambo ya Wakamba katika kitabu chake cha mwaka 1910. Naye Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliyaandika kwa urefu zaidi. Kazi ya kuchonga ilikuwa ya fundi. Alitumia chuma kidogo mfano wa patasi, akabandua jino kipande kwa kipande, bila ya dawa yoyote ya kuondoa maumivu. Haikuwa tiba, wala haikuwa adhabu. Lilikuwa pambo, kama vile shanga na mikufu myembamba ya shaba ambayo mafundi wa Kikamba walisifika kwayo. Kijana aliyetaka kupendeza katika ngoma alikwenda kwa fundi na meno mazima, akarudi na meno yaliyokatwa.

Sasa tafakari, msomaji, jambo hili latuambia nini. Jino lina gamba gumu la nje, ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa mwanadamu. Gamba hilo likiisha kuvunjika halioti tena. Jino lililochongwa sana hupoteza kinga yake, huuma kwa baridi na kwa moto, na huoza upesi. Kama jicho ni daktari asomaye cheti cha afya, basi jicho la Ukambani lilikuwa daktari wa ajabu: lilikipenda cheti baada ya kuchanwa.

Wenye nadharia hawakosi la kujibu. Mwaka 1975 msomi mmoja wa Israeli, Amotz Zahavi, alieleza ya kuwa mnyama aweza kujisifu kwa kujipa mzigo. Mkia wa tausi dume ni mzito, humzuia kuruka na humwonyesha kwa adui. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tausi jike humpenda, maana dume aliyeishi na mzigo kama huo bila shaka ana nguvu za ziada. Basi watasema kwamba meno ya Wakamba yalikuwa mkia wa tausi. Kijana aliyevumilia patasi alitangaza ushujaa na uzima wake.

Hilo ni jibu la werevu, na hapa ndipo penye kasoro kubwa ya nadharia hii nzima. Jino zima likipendwa, wasema ni kwa sababu laonyesha afya. Jino lililovunjwa likipendwa, wasema ni kwa sababu laonyesha afya ya kuweza kuvumilia kuvunjwa. Je, ni jino gani ambalo likipendwa watakubali kwamba wameshindwa? Methali zetu mbili zaweza kutusaidia kuliona jambo hili. Moja yasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyingine yasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndoa ya mrembo ikidumu, bibi arusini huitoa ile ya kwanza. Ikivunjika, bibi huyo huyo huitoa ya pili. Bibi hakosei kamwe, lakini pia hajatabiri kitu. Methali zina ruhusa ya kufanya hivyo. Sayansi haina.

Tena kama maumivu ndiyo yaliyokuwa habari yenyewe, maumivu ya namna yoyote yangetosha. Lakini sivyo ilivyokuwa. Kwa Wajaluo wa zamani pambo lilikuwa kung'oa meno sita ya mbele ya chini. Kwa Wamasai yaling'olewa mawili ya chini. Kwa Wakamba ilikuwa ile ncha ya juu. Kila taifa lilikuwa na umbo lake, na umbo la jirani halikuhesabiwa kuwa uzuri. Mimi naona maelezo yaliyo karibu zaidi ni haya: jino lilisema, "Mimi ni wa watu hawa, nami nimekwisha kuwa mtu mzima kati yao." Mwanadamu hupendezwa na alama ya watu wake. Jambo hilo pia huenda tumelirithi, sikatai. Lakini kurithi hamu ya kufanana na wenzetu si sawa na kurithi umbo la uzuri wenyewe.

Na tazama jinsi desturi ile ilivyokwisha. Shule za misheni zilipoenea, na vijana walipokwenda kufanya kazi katika miji, fundi wa patasi alikosa wateja. Katika muda wa vizazi viwili au vitatu meno yenye ncha yaliacha kuwa pambo yakawa jambo la kusimuliwa. Chembe za urithi hazibadiliki kwa mwendo huo. Damu ya bibi na damu ya mjukuu ni moja. Kilichobadilika ni jicho, na jicho lilibadilika kwa yale liliyoyaona.

Darwin mwenyewe aliyajua haya kuliko wengi wanaojiita wanafunzi wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mwanadamu alikusanya desturi nyingi za namna hii, zikiwamo za watu wa Nili ya juu waliong'oa meno yao ya mbele, naye akakata shauri ya kwamba hakuna kipimo kimoja cha uzuri wa mwili kwa wanadamu wote. Aliona kwamba kila taifa hupenda yale liliyoyazoea, yakizidishwa kidogo. Mtu akikuambia kwamba Darwin amethibitisha mrembo ni nani, mwombe akuonyeshe ukurasa.

Wapo pia wataalamu wa siku hizi walioona kwamba haifai kuwauliza wanafunzi wa vyuo vya Marekani peke yao, na wengine wao walikuja kwetu. Mwaka 1993 Devendra Singh alikuwa amesema kwamba wanaume hupenda zaidi kiuno cha mwanamke ambacho kipimo chake ni sehemu 7 kwa 10 za kipimo cha nyonga, na wengi wakaichukua hesabu hiyo kuwa sheria ya dunia nzima. Adam Wetsman na Frank Marlowe wakaenda na michoro yao kwa Wahadzabe, watu wa kando ya Ziwa Eyasi huko Tanzania ambao huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 1999 wakatangaza kwamba wanaume wa Kihadzabe hawakukijali kiuno hata kidogo. Walichagua mwanamke mnene zaidi. Kwa watu ambao njaa yaweza kuwafikia mwaka wowote, jambo hilo si la kushangaza. Lakini hadithi haikuishia hapo. Michoro ile ilikuwa ya watu waliotazamwa kwa mbele tu. Mwaka 2005 Marlowe na wenzake walipoonyesha michoro ya watu waliosimama kwa ubavu, Wahadzabe walionyesha kwamba umbo la mwili walijali sana, ila walilitazama kutoka upande ambao mchoraji hakuwa ameuchora. Hapo somo ni kwetu sote, wenye kuamini nadharia na wenye kuikosoa: mtu hujibu lile aliloulizwa, na aliyeuliza vibaya hupewa jibu baya. Kadhalika mwaka 1994 Adrian Furnham na Peter Baguma waliwaonyesha wanafunzi wa Uganda na wa Uingereza michoro ile ile; Waganda na wenzao wa nchi ile waliwasifu wanawake wanene kuliko Waingereza walivyowasifu.

Uchunguzi unaonipendeza kuliko hiyo yote ni ule wa nyuso. Ukizichukua picha za nyuso nyingi ukazichanganya kwa mashine zikawa uso mmoja wa wastani, uso huo hupendeza kuliko nyuso nyingi zilizouunda. Langlois na mwenzake Lori Roggman walilionyesha jambo hilo mwaka 1990. Mwaka 2007 Coren Apicella, Anthony Little na Marlowe wakalipima kwa Wahadzabe na kwa Waingereza. Waingereza walizipenda nyuso za wastani za Kiingereza na za Kihadzabe pia. Wahadzabe walizipenda nyuso za wastani za Kihadzabe, lakini za Kizungu hazikuwavutia kuliko nyingine. Sababu yaelekea kuwa nyepesi: Mwingereza amekwisha kuona nyuso za kila namna, lakini Mhadzabe hajaona Wazungu wa kutosha kuujua wastani wao. Jicho hutengeneza kipimo chake kutokana na nyuso lililoziona.

Basi tumrudie yule mtoto mchanga wa Texas. Ni kweli hajasoma gazeti. Lakini kwa muda wa miezi mitatu amelala mikononi mwa mama, shangazi, nyanya na majirani, naye katika kutazama kwake hana kazi nyingine ila nyuso. Ikiwa jicho hujenga wastani wake kwa kuona, mtoto huyo amekwisha kuanza ujenzi. Sisemi kwamba hakuzaliwa na kitu. Nasema kwamba alichozaliwa nacho chaweza kuwa uwezo wa kujifunza haraka, wala si picha ya mrembo.

Lakini kama jicho hujifunza, yatupasa kuuliza ni nani anayelifundisha. Chukua habari ya rangi ya ngozi. Kitui na Makueni ziko karibu na ikweta, kusini yake, wala hazifiki mbali zaidi ya digrii 3. Jua la huko unalijua. Mwaka 2000 Nina Jablonski na George Chaplin walionyesha jinsi rangi za watu wa dunia zinavyofuatana na ukali wa jua la nchi zao. Rangi nyeusi ya ngozi huzuia miale inayounguza, nayo huilinda foleti, vitamini ambayo mama mjamzito aihitaji ili mtoto wake aumbike vema. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao hawana kinga hiyo, huteswa na saratani ya ngozi kwa sababu ya jua hili hili. Basi kama jicho lingekuwa daktari aliyerithi hekima ya mababu, kila mtu wa Kitui angesifu weusi, na maduka yangeuza krimu za kuuzidisha. Wewe wajua ni krimu za namna gani zinazouzwa. Nyingine zina zebaki, ambayo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikiingia mwilini huharibu figo. Shirika la serikali la viwango limekwisha kuzipiga marufuku, nazo zaendelea kupenya kwa mlango wa nyuma. Hapo hapana mageuko ya viumbe. Pana historia. Weupe ulikuwa na cheo katika nchi yetu tangu mwaka 1895 hata 1963, na mazoea ya kukitukuza cheo hicho hayakuondoka siku moja na bendera.

Sasa nije kwa jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Katika sehemu za Makueni, mathalani pande za Makindu, yako maji ya visima ambayo yana floraidi kupita kiasi. Floraidi ni madini yaliyomo katika miamba, hasa miamba iliyotokana na volkano, na maji yanayokaa chini ya ardhi huyayeyusha polepole. Ndivyo ilivyo pia Nakuru na Naivasha, na ng'ambo ya mpaka, huko Arusha. (Kitui lawama kubwa ya visima ni chumvi, ambayo hukausha koo lakini haitii jino rangi.) Floraidi kidogo hulinda meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya mswaki. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa maji yaliyopita mpaka huo kwa miaka, gamba la meno yake, ambalo lingali likijengwa ndani ya ufizi, hujengwa vibaya. Meno yakitoka huwa na mistari myeupe kama chaki, kisha hugeuka rangi ya kahawia. Hatari hiyo ni ya tangu kuzaliwa hata kama miaka 8. Baadaye gamba limekwisha kukamilika, na mtu mzima ahamiaye huko hageuki meno.

Yafuatayo yapaswa kujulikana na kila mwanafunzi. Rangi hiyo si uchafu, na mswaki hauiondoi. Wako vijana wanaoyasugua meno yao kwa mchanga au kwa makaa. Hao hulimaliza gamba walilo nalo. Kuyachemsha maji hakusaidii, bali hudhuru, maana mvuke huondoka na floraidi hubaki, ikazidi ukali. Palipo na floraidi nyingi mno kwa miaka mingi hata mifupa huumia, kwa hiyo sisemi kwamba maji hayo ni mema. Lakini jino la kahawia latoa habari ya kisima, halitoi habari ya mtu. Halisemi kwamba mwenye jino ni mvivu wa kupiga mswaki, wala kwamba nyumba yao ni ya watu wachafu, wala kwamba watoto wake watazaliwa na meno kama yake.

Nimefundisha katika shule za bweni miaka ya kutosha kuona jinsi aibu hii inavyozaliwa. Mtoto aliyelelewa mahali ambapo maji ni ya kisima kimoja kwa wote hucheka na wenzake kwa kinywa wazi, kwa sababu wote wako sawa. Siku anayofika shule ya sekondari, akawekwa katika bweni moja na watoto waliotoka penye maji mengine, mkono wake huanza kupanda mdomoni. Kabla ya muhula kwisha amekwisha kuacha kucheka, na darasani hajibu swali hata kama jibu analijua, maana kujibu ni kufungua kinywa. Meno hayakubadilika njiani. Kilichobadilika ni wastani wa macho yanayomtazama. Na iwapo mwenzake mwenye maarifa nusu atamwambia kwamba ni maumbile watu wasipendezwe naye, ya kwamba sayansi imesema hivyo, utaona jinsi nadharia iliyopimwa vibaya inavyoweza kumfunga mtoto kinywa.

Wala dhara halikomei kwenye kupendwa na kutopendwa. Mwaka 1972 Karen Dion, Ellen Berscheid na Elaine Walster walionyesha kwamba watu wakipewa picha tu huwadhania wenye sura nzuri kuwa ni wema zaidi, wenye raha zaidi na wenye kufaulu zaidi. Mwaka uliofuata Walster na Margaret Clifford waliwapelekea walimu wa Missouri, Marekani, ripoti ya mwanafunzi, yenye alama zile zile na mahudhurio yale yale. Ila picha iliyobandikwa ilikuwa tofauti. Walimu walimkadiria mtoto wa sura nzuri kuwa na akili zaidi, na kuwa wazazi wake waijali elimu zaidi. Ripoti ilikuwa ni moja! Uchunguzi huo ungefaa kusomwa katika kila chuo cha ualimu, kwa sababu mwalimu ndiye mtu anayetazama nyuso 40 kila asubuhi akaamua ni nani amwulize swali gumu. Na ninyi wanafunzi, mnaochagua viranja, mwaweza kujua ya kwamba mwaka 2005 Alexander Todorov na wenzake waliwaonyesha watu nyuso za wagombea wa baraza la seneti la Marekani wasiowafahamu. Uso uliodhaniwa kuwa wa mtu hodari zaidi wa kazi ulikuwa wa mshindi karibu mara 7 katika 10. Hakuna aliyewauliza wamefanya nini.

Haya yote nadharia ya mageuko yaweza kutuambia jambo moja la kweli, ya kuwa hukumu ya sura ni ya haraka sana, nayo huja kabla ya fikira. Hilo nakubali. Ninalokataa ni kuichukua hukumu hiyo kuwa ni ya haki kwa sababu ni ya kale. Njaa pia ni ya kale, lakini hatusemi kwamba mwenye njaa ana ruhusa ya kula chakula cha wenzake.

Kuhusu maji yenyewe, ziko njia. Huko Nakuru dayosisi ya Kikatoliki imetumia kwa miaka mingi makaa ya mifupa ya ng'ombe kuchuja floraidi. Katika Kitui na Makueni watu wengi wamejenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu, na mabati ya paa moja la shule, yakiwa na mfereji na tangi, hukusanya maji mengi wakati wa mvua za Novemba. Maji ya mvua hayana floraidi ya kudhuru. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu karibu na Makindu, akinywa maji ya tangi hilo mpaka apite miaka 8, atafika shule ya sekondari na meno meupe. Kaka yake, mtoto wa baba na mama wale wale, aliyenyweshwa maji ya kisima, atakuwa na meno ya kahawia.